Mstari Chini ya Rangi

Januari 2023 fundi alinitumia picha ya ukuta. Nilikuwa kazini tao, kwenye duka la vifaa vya stima pale Luthuli, na mteja alikuwa amesimama mbele yangu akingoja chenji. Ulikuwa ukuta wa sebule yetu kule Naivasha. Katikati yake palikuwa na mstari wa kahawia, umenyooka kama uliopigwa kwa rula, kutoka mlangoni hadi chini ya dirisha. Juu ya mstari rangi ya zamani ilikuwa bado imeshika. Chini yake plasta ilikuwa imevimba na kumeguka. Fundi aliandika maneno mawili: "Rangi gani?"

Nikamjibu: "Krimu."

Jioni nilinunua ndoo ya lita 20 River Road, nikaibeba begani hadi Nyamakima, nikamlipa makanga wa matatu ya Naivasha aifikishe. Naitaja ndoo hiyo kwa sababu kwa muda mrefu nimejiambia kwamba mimi sikufanya kitu, nilikuwa Nairobi. Nilikuwa Nairobi, ndiyo, lakini ndoo niliibeba mwenyewe.

Nyumba yenyewe iko Kihoto, mtaa wa Naivasha ulio karibu na ziwa, kama kilomita 90 kutoka Nairobi. Mama alifika Naivasha 1998 kufunga maua ya waridi kwenye shamba moja la maua. Ploti aliinunua 2008, na miaka hiyo ziwa lilikuwa linarudi nyuma. 2009 lilipungua hadi watu wakaanza kuulizana kama litakauka kabisa. Ukisimama kwenye ploti yetu ilibidi ukaze macho kuyaona maji. Muuzaji hakumdanganya Mama. Alimwambia, "Ziwa ni kule," akaonyesha kwa kidole, na kweli ziwa lilikuwa kule.

Wamaasai walikuwa wamelipa ziwa hilo jina zamani. Naivasha ni neno lao lililopindwa na ndimi za wageni: Nai'posha, maji yanayochafuka, yanayokwenda na kurudi. Ni ziwa lisilo na mto unaotoka. Mito ya Malewa na Gilgil inaingia, na maji yanaondoka kwa jua na kwa njia za chini ya ardhi. Kwa hiyo likijazwa kuliko linavyokaushwa, linapanda, na halina pa kumwagia isipokuwa ufuoni. Hata masetla waliomiliki mashamba pale walilijua hilo. Miaka ya 1930 walikubaliana na serikali ya kikoloni kwamba ardhi inayoachwa wazi ziwa likipungua inaweza kulimwa, lakini isijengwe nyumba ya kudumu. Ilimwe, isijengwe. Walioijua kanuni hiyo walikuwa na mawakili. Waliokuja kununua ploti za futi 50 kwa 100 walikuwa na akiba ya chama.

Mama alijenga 2011, na alijifunza kuitunza nyumba hiyo kama mtu anavyojifunza tabia za mzee mkali. Januari na Februari, jua likiwa kali, alipandisha fundi juu ya mabati apigilie misumari iliyolegea, akachimba upya mtaro wa nyuma. Machi alisafisha mifereji ya paa na kumwaga murramu mlangoni. Masika yakianza hakuangalia mawingu yaliyokuwa juu yetu. Aliangalia Nyandarua, kwa sababu Malewa inatoka huko, na ziwa linaweza kupanda wiki nzima huku Naivasha ikiwa na jua. Juni hadi Agosti, baridi ikishika, kazi ilikuwa ukungu: madirisha wazi mchana, chokaa kwenye pembe za ukuta. Oktoba, vuli ikikaribia, alitazama choo cha shimo. Maji ya ziwa hayaanzii mlangoni, yanaanzia chini. Choo kikianza kupanda, una siku chache. Usiku kulikuwa na viboko wanaotoka kula nyasi, na mtoto hakuruhusiwa kutoka bila tochi.

Vyeti vyetu vyote, vya kuzaliwa na vya shule, pamoja na makaratasi ya ploti, viliwekwa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kwenye mbao za paa. Nilidhani ni uoga wa mwizi.

2020 ziwa lilikuja. Baringo, Nakuru na Naivasha yote yalikuwa yanapanda. Wataalamu walitaja mvua zilizozidi tangu 2010 na udongo unaoteremshwa na mito kutoka milima iliyokatwa miti. Kwetu habari ilikuwa fupi zaidi: maji yaliingia ndani yakafika chini ya dirisha, yakakaa miezi. Mama alikuwa ametoka siku nne kabla, choo kilipoanza kupanda. Alihamia kwa dada yake Kinungi, juu kabisa kwenye baridi, na mfuko wake wa plastiki mkavu kwapani. Hakupoteza hata karatasi moja.

Maji yalipoondoka, mwisho wa ukame wa 2022, tulikaa kikao kwenye kundi la WhatsApp la familia. Mama hakutaka kurudi. Lakini nyumba ilikuwa pale, imesimama, mawe ya machimbo mazima, na dada yangu mdogo alikuwa na karo ya chuo. Tukaafikiana kuikarabati na kuipangisha. Mtu mmoja kwenye kundi akaandika methali ambayo kila Mswahili huitoa fundi akitajwa: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sote tukaweka vidole gumba.

Nimeifikiria sana methali hiyo tangu siku hiyo. Inahimiza kuziba ufa, lakini haisemi unazibwa kwa ajili gani. Kuna ufa unaozibwa ili ukuta usimame, na kuna ufa unaozibwa ili mgeni asiuone. Mchanga na saruji ni ile ile, fundi na malipo yake ni yale yale. Ukimtazama anayeziba huwezi kutofautisha. Tofauti iko kwa mwenye nyumba peke yake, na mwenye nyumba ana kila sababu ya kutoichunguza.

Mpangaji alipatikana Februari. Alikuwa mama kijana mwenye watoto wawili, ametoka Kakamega, amepata kazi kwenye maua. 2020 hakuwa Naivasha. Kodi ilikuwa shilingi 4,500, na nyumba ilinukia rangi mpya. Kabla ya kutuma dipoziti alinipigia simu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na laini ya M-Pesa.

"Boss," akasema, "na maji haifikangi huku?"

Nikamwambia, "Siku hizi iko mbali."

Ilikuwa kweli. Februari 2023 maji yalikuwa mbali. Ningeapishwa mahakamani ningeyarudia maneno hayo bila kutetemeka.

Zaidi ya miaka 2000 iliyopita, mwaka 44 kabla ya Kristo, Mrumi Cicero aliandika kitabu kuhusu wajibu, akimwandikia mwanawe. Humo aliweka kesi inayofanana na yetu. Mtu anauza nyumba yenye kasoro anazozijua yeye tu: nyoka vyumbani, mbao mbovu. Je, lazima aseme? Cicero anawashindanisha wanafalsafa wawili. Diogenes wa Babiloni anasema kunyamaza si kuficha. Hakuna aliyemlazimisha mnunuzi, na muuzaji hawezi kutangaza kila ubaya wa mali yake kama mpiga mbiu. Antipater, aliyekuwa mwanafunzi wa Diogenes, anakataa: kumwacha mtu aanguke kwenye hasara huku unaiona ni kubaya kuliko kukataa kumwonyesha njia aliyepotea. Cicero mwenyewe anasimama na Antipater. Kisha anasimulia habari ya Canius, Mrumi aliyetaka nyumba ya starehe kule Sirakusa. Mwenye bustani ya kando ya maji, Pythius, aliwaita wavuvi waje siku moja kuvua mbele ya bustani yake, mitumbwi tele, samaki wakitupwa miguuni pa mgeni. Canius akanunua kwa bei yoyote. Kesho yake hapakuwa na mtumbwi hata mmoja.

Kisa cha pili kinajulikana zaidi pwani yetu. Katika hadithi za Mtume, anapita sokoni, anatia mkono ndani ya lundo la nafaka, na vidole vyake vinakuta unyevu. Muuzaji anajitetea kwamba ni mvua. Mtume anamuuliza mbona hakuiweka ile mbichi juu watu waione. Kinachonigusa hapo ni jinsi makosa yalivyogawanywa. Hakulaumiwa kwa mvua, kwani mvua si yake. Alilaumiwa kwa mpangilio: kikavu juu, kibichi chini.

Mimi pia sikuleta mvua. Wala sikuhama na ziwa mgongoni. Lakini krimu ilikuwa juu na kahawia ilikuwa chini, na mpangilio huo ulikuwa wangu.

Sasa nikuambie jambo ambalo ningependa kuliruka. Nilikuwa na nafasi ya pili, na ilinijia mlangoni mwangu mwenyewe.

Ninaishi Kangemi, upande wa bondeni. Mto Nairobi unaanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu na kupita kwenye mabonde ya upande huu wetu wa magharibi kabla ya kufika tao, ukipokea vijito vingi njiani. Bedsita yangu iko chini kabisa kwenye ghorofa, karibu na kijito kimoja ambacho mchana wa Januari unakiruka kwa hatua moja. Ndivyo nilivyokiona siku ajenti aliponionyesha nyumba. Nyumba Nairobi huonyeshwa kiangazi. Hakuna ajenti anayekuita uje uone keja tarehe 28 Aprili saa tisa usiku.

Aprili 2024 niliamka nikakuta ndara zangu zinaelea. Mafuriko ya mwezi huo unayakumbuka. Sisi wa Kangemi tulipata kidogo, ukilinganisha na Mathare na Mukuru, ambako baada ya maji kuja serikali ilileta matingatinga kubomoa nyumba za kingo za mto. Kwangu yalifika magotini, yakaondoka asubuhi. Nilipovuta kabati ili nikaushe ukuta, nikaona pale nyuma mchoraji alipoona uvivu kufika: mstari wa kahawia. Ulikuwa wa zamani, na ulikuwa juu kuliko wa usiku ule.

Nilimpigia ajenti nikamfokea. "Ulijua! Mbona hukusema?"

Akanijibu bila hasira, "Si hukuuliza, boss."

Mpangaji wetu Kihoto aliuliza. Hilo ndilo lililonijia nikiwa nimesimama na kitambaa mkononi. Mwaka huo maji yalikuwa yanapanda Kihoto pia, yameingia mitaa ya chini, na ploti yetu ilipona kwa mita chache. Ningempigia siku hiyo. Nilijua ninachopaswa kusema, tena nilikuwa nimetoka tu kukisema kwa sauti kubwa kwa mtu mwingine. Sikupiga. Tarehe 5 kodi iliingia, nikaituma chuoni.

Kuna hoja moja ya kujitetea ambayo bado naiheshimu. Inasema hivi: hata ungemwambia, angeichukua nyumba. Mshahara wa maua haukupi nafasi ya kuchagua, ile kodi hakuna kwingine, na shamba liko karibu. Maskini hakai kwenye maji kwa sababu hajui, anakaa kwa sababu hana pengine. Kwa hiyo ukweli wako ungebadilisha nini?

Muda mrefu sikuwa na jibu. Jibu nililipata Oktoba 2025.

Mwezi huo ziwa lilirudi, na safari hii watu wa Kihoto walitolewa kwa boti. Mpangaji wetu alikuwa kazini. Aliporudi jioni maji yalikuwa yamepita kizingiti. Choo kilikuwa kimeanza kupanda siku tatu kabla. Alikuwa amekiona, akanunua dawa ya choo, akadhani kimejaa. Friji aliyokuwa bado anailipia kidogo kidogo iliondoka, godoro likaondoka, vitabu vya watoto vikaondoka. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote wawili vilikuwa kwenye droo ya chini ya kitanda.

Droo ya chini ya kitanda. Nilipolisikia hilo ndipo nilipoelewa nilichomnyima. Huenda kweli angeichukua nyumba. Lakini angeichukua pamoja na elimu yake. Angejua choo kikipanda maana yake ni nini. Angejua kuangalia Nyandarua, angejua kufunga vyeti darini, kuweka friji juu ya mawe au kutoinunua kabisa, kuwa na mtu Kinungi au Kayole wa kumpokea. Mama aliishi kwenye nyumba ile ile, kwa maji yale yale, akatoka na mfuko mkavu. Tofauti yao haikuwa umaskini, maana wote wawili walifunga maua kwa mshahara wa aina moja. Tofauti ilikuwa kwamba mmoja alikabidhiwa nyumba na mwingine alikabidhiwa kuta.

Kwa hiyo hoja ile, kwamba ukweli haubadilishi uamuzi wa asiye na chaguo, ina kosa ndani yake. Inadhani ukweli unahitajika siku ya kutia saini tu. Asiye na chaguo ndiye anayeuhitaji zaidi, kwa sababu hawezi kuhama, anaweza kujiandaa tu. Tajiri akifichwa mstari anapoteza likizo. Huyu dada alipoteza karatasi zinazowathibitisha watoto wake kuwa watoto.

Nikipita Westlands huwa nafikiria pale ilipokuwa Ukay Centre, iliyobomolewa 2018 kwa kuwa ilisimama kwenye ardhi ya mto. Mtaani tulishangilia tukidhani ni habari za wakubwa. Lakini mji huu umejaa mistari chini ya rangi, na mingi imefunikwa na watu wa kiwango changu: mwana mwenye ndoo, ajenti mwenye ufunguo, fundi anayeuliza rangi gani. Hakuna hata mmoja wetu anayejiona ni Pythius na wavuvi wake wa kukodi. Sisi tunatunza nyumba tu.

Tulimrudishia dipoziti na kodi ya miezi mitatu. Nilimsindikiza ofisini kufuatilia vyeti, nikapanga foleni naye siku mbili. Siku ya pili nilimwambia kuhusu 2020, mstari, krimu, yote. Alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Kwa hivyo ile siku nilikupigia, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Hakusema kitu kingine. Nambari yetu ilipoitwa alisimama akaenda dirishani peke yake.

Ninavyoandika haya maji bado yako ndani. Yataondoka, maana hilo ndilo ziwa lenyewe, na fundi atatuma picha nyingine yenye mistari miwili sasa, wa 2025 juu ya wa 2020. Nimemwambia Mama nataka tupige plasta tuache mistari yote miwili, tuichore upya kwa rangi nyekundu, na tuandike mwaka kando yake pale mlangoni ambapo kila anayekuja kuona nyumba ataisoma. Kijiji cha Aneyoshi, Japani, kina jiwe lililosimamishwa baada ya tsunami ya 1933, likiwaonya wajukuu wasijenge chini ya hapo. 2011 maji yalikuja yakaishia chini ya jiwe, na nyumba za juu zikabaki. Waliolichonga walikuwa wamepoteza watu wao. Wangeweza kusafisha ufuo na kusahau, kama sisi.

Mama hakubaliani. "Baba," aliniambia, "nani atapanga nyumba yenye makovu?"

Sina uhakika kama atapatikana. Tena sina uhakika kama tunapaswa kupangisha hata kidogo. Kusema kwa rangi nyekundu kwamba maji hufika hapa hakumfanyi mtu asilowe. Pengine Antipater angesema jambo la heshima ni kubomoa, kuyauza mawe, na kuacha ploti ilimwe sukuma wiki ziwa likiwa mbali. Dada yangu amebakiza muhula mmoja. Najua hoja hiyo ya karo ilitufikisha wapi mara ya kwanza, na bado naisikia ikizungumza.

Bedsita yangu Kangemi nayo nitahama mwisho wa mwezi. Jana nilivuta kabati, nikachukua kalamu ya wino mzito, nikaandika pembeni ya ule mstari: Aprili 2024, magotini. Juu kidogo, kwenye ule wa zamani, nikaandika: kabla yangu. Ajenti atapaka rangi, najua. Kabati nimeliacha mbali na ukuta.